Bustani ya Umma ni ya Nani? Mawazo juu ya Mnazi Mmoja

Linapotajwa neno utamaduni, aghalabu mawazo ya watu hukimbilia ngoma, mavazi, mapishi na nyimbo za arusi. Ni nadra kumsikia mtu akitaja uwanja. Hata hivyo ngoma haichezwi hewani. Huchezwa mahali, na mahali hapo pana mwenyewe, pana desturi za kuingia na kutoka, pana watu wanaopafagia na wengine wanaopachafua. Katika insha hii tunakusudia kukipima kitu ambacho wahakiki wetu wamekuwa wakikipita kama wapita njia wanavyokipita, nacho ni bustani ya umma mjini, hasa ile iliyoachwa ikachakaa. Tutaipima kama tunavyoipima tamthilia, yaani kwa kuuliza imetungwa na nani, kwa ajili ya nani, na inasema nini juu ya watu waliokusudiwa kuitumia.

Neno lenyewe bustani tumelipokea kutoka Kiajemi kwa njia ya bahari, na huko asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Lakini sambamba nalo tunayo maneno mengine: uga, kiwanja, baraza. Maneno haya hayasemi jambo moja. Bustani ni pa kutazama na kunusa. Uga ni pa kufanyia shughuli, kama kuanika nafaka, kucheza watoto, kuwakalisha wageni wa msiba. Baraza ni pa kuzungumza na kukata shauri. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya ugomvi juu ya bustani za miji yetu hutokana na kutoyatenga mambo haya matatu. Wenye mamlaka hutengeneza bustani, wananchi huitumia kama uga na baraza, kisha kila upande huulaumu wa pili kwamba hauna ustaarabu.

Tuuchukue mfano wa Mnazi Mmoja mjini Dar es Salaam, ambao kila mwanafunzi aliyepita pale kwa basi anaujua, ingawa si kila mmoja anayeijua habari yake. Uwanja ule haukuanza kama zawadi kwa watu wa mji. Wajerumani walipotunga kanuni za ujenzi za mwaka 1891 walianza kuugawa mji kwa aina za majengo, na mgawanyo wa majengo ukawa kwa kweli mgawanyo wa watu. Wazungu walikaa upande wao, Wahindi wakakaa penye maduka, na Waafrika wakasukumwa nyuma. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 hawakuifuta mipaka hiyo. Katika miaka ya 1920 waliikamilisha kwa kuuacha ukanda mtupu kati ya Uhindini na Kariakoo, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wataalamu wa siku zile walidai kwamba nafasi tupu ingewazuia mbu na maradhi yasitoke kwenye nyumba za Waafrika na kuwafikia wengine. Basi majani ya Mnazi Mmoja yaliota juu ya hoja ya ubaguzi. Wala jambo hili halikuwa la Dar es Salaam peke yake. Unguja nako kuna Mnazi Mmoja yake, uwanja uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na wakati wa ukoloni ulifanywa mahali pa michezo ya Wazungu. Majina mamoja, kazi moja.

Lakini ajabu ya uwanja ni kwamba aliyeuchora hawezi kuwazuia watu wasiutafsiri vingine. Ukanda uliokusudiwa kuwatenga watu ndio uliowakutanisha. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyokuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, hatua chache tu kutoka uwanjani. Katika miaka iliyofuata Mwalimu Julius Nyerere alihutubia mikutano Mnazi Mmoja mbele ya watu waliosimama juu ya ardhi ile ile iliyotengwa ili wasiwakaribie wengine. Baada ya Uhuru ukajengwa pale mnara wa Mwenge, na uwanja ukaingia katika orodha ya mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mhakiki akitaka mfano wa namna umma unavyoweza kuipindua maana ya kazi ya mtunzi, hana haja ya kwenda mbali.

Hapo ndipo penye kasoro inayotusumbua. Uwanja ulipokuwa wa mapambano ulikuwa hai kila jioni. Ulipokwisha kuwa wa kumbukumbu ukawa hai siku za sherehe tu. Mnara huhitaji heshima, heshima ikaitiwa uzio, uzio ukaitiwa kufuli, na kufuli likamwitia mlinzi. Hatusemi kwamba mashujaa wasikumbukwe. Tunasema kwamba mahali palipopata heshima yake kwa sababu watu walijaa hapawezi kuilinda heshima hiyo kwa kuwaondoa watu.

Je, bustani ilichakaaje? Wengi hujibu upesi kwamba watu wetu hawana desturi ya kutunza mali ya umma. Jibu hili ni la uvivu, na linasikika hata vinywani mwa walimu. Tuitazame kwanza historia ya mtunzaji mwenyewe. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zilivunjwa. Zikarudishwa mwaka 1978, baada ya miaka sita ambayo kazi ndogo ndogo za mji, kama kuzoa taka, kuzibua mifereji na kukata majani, zilikosa mwenyewe. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilijaribu kuurudisha utaratibu. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 mji ukagawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, chini ya halmashauri mpya ya jiji. Mwaka 2021 halmashauri hiyo nayo ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, wala hatukusudii kuzihukumu hapa. Lakini mti hauishi kwa badiliko la muhuri. Mche unaopandwa na ofisi moja, ukamwagiliwa na ya pili, ukasahauliwa na ya tatu, hufa, na mtu wa mwisho kulaumiwa ni mpita njia aliyeegemea kigogo chake.

Zipo pia bustani ambazo hazikufa kwa kusahauliwa bali kwa kumegwa. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893 ili kujaribia mazao na miti ya kigeni. Ilikuwa kubwa kuliko hiki kipande tunachokiona leo karibu na Makumbusho ya Taifa. Kila majengo yalipohitaji nafasi, bustani ilikuwa jirani mpole asiyekataa. Kilichobaki ni kizuri, na mwalimu wa baiolojia akiwa na wanafunzi arobaini anaweza kufundisha pale somo la mwezi mzima. Lakini kinaonyesha jinsi ardhi isiyo na watu wa kuisemea inavyopungua kimya kimya.

Sasa tuyaangalie mawazo yanayotolewa kila linapozuka suala la kuifufua bustani. La kwanza ni usafi wa pamoja. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa, na taifa zima likaitwa kufanya usafi, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kimeenea. Lilikuwa tendo lenye maana, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Hata hivyo kufagia ni jambo moja na kutunza ni jambo lingine. Mfagiaji wa siku moja huondoa taka. Hamwagilii maji Jumatatu, haokoi mti uliovunjwa tawi Jumatano, hajui ni nani aliyeng'oa bomba. Ufagio wa pamoja husafisha macho ya viongozi wanaopita, na wiki ya pili mambo huwa yale yale.

Wazo la pili ni kumkodisha mtu bustani, naye ajenge baa, kumbi za arusi au maegesho ya magari, alipe kodi, kodi itunze maua. Wenye wazo hili husema kwa sauti ya watu wa hesabu. Nasi tunawajibu kwa hesabu. Aliyekodi hulazimika kurudisha fedha yake, na njia yake ya kuirudisha ni kumtoza anayeingia. Asiyeweza kulipa atabaki nje ya uzio akiyatazama maua ambayo kodi ya soko aliyolipa asubuhi imesaidia kuyapanda. Ukanda wa ubaguzi utakuwa umerudi, safari hii kwa kipimo cha mfuko.

Jirani zetu wa Nairobi wameyapitia haya kwa uchungu, na mifano yao inafaa kufundishwa. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa watu wa mji na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, ilikusudiwa mwaka 1991 kugeuzwa majengo ya biashara na maegesho. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama na wenzake kuipinga mipango hiyo, na bustani ikabaki. Miaka miwili kabla, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, akatukanwa hadharani, na jengo halikujengwa. Kinachotuvutia si ushujaa tu. Ni kwamba Jeevanjee baada ya kuokolewa haikufanywa picha ya ukutani. Watu hukutana pale mchana wakabishana juu ya siasa na bei ya unga, hata baraza lao likapata jina la Bunge la Mwananchi. Bustani iliyookolewa kwa maneno imeendelea kulindwa na wasemaji.

Mfano wa Karura, ule msitu wa Nairobi uliogombaniwa mwaka 1999, una somo lingine lenye utata. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kijamii vya kuitunza misitu pamoja na serikali. Chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, uzio ukajengwa, walinzi wakapatikana miongoni mwa vijana wa makazi ya jirani, na watu waliokuwa wakiogopa kuingia wakaanza kutembea humo bila hofu. Hayo ni mafanikio yasiyo na ubishi. Lakini pia kiingilio kikawekwa. Msitu wenye wanyama na mito unaweza kuwa na hoja ya kiingilio; uwanja wa katikati ya mji, ambao muuza magazeti anataka kupumzika chini ya mti wake kwa nusu saa, hauna hoja hiyo. Tukiiga, tuige ushirikiano wa chama na serikali, tuliache lango la tiketi.

Karibu zaidi nasi ni Forodhani, Unguja. Bustani ile ilipangwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, hivyo nayo haikuzaliwa kwa ajili ya mchuuzi. Lakini wachuuzi ndio walioifanya iwe Forodhani tuijuayo, na jua linapotua huwashwa taa, hupangwa pweza na mishikaki, miwa hukamuliwa, na vijana huruka makachu kutoka ukutani wakaingia baharini huku watu wakiwashangilia. Kufikia mwanzo wa karne hii ukuta wa bahari ulikuwa umebomoka na ardhi imekanyagwa hadi ikawa vumbi. Mwaka 2008 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulianza kuitengeneza, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya. Wachuuzi walihamishwa wakati wa kazi, kisha wakarudishwa kwa utaratibu, kila mmoja na mahali pake. Wapo wanaonung'unika kwamba Forodhani sasa ni ya watalii kuliko ya wenyeji, na manung'uniko hayo hayafai kupuuzwa, kwa maana bei ya mshikaki huisikiliza pochi ya mgeni. Hata hivyo jambo moja lilifanywa sawa: matengenezo hayakuanza kwa kudhani kwamba muuzaji ni uchafu wa kuondolewa pamoja na majani makavu.

Hapa tunaifikia hoja tunayoitetea. Mtunzaji wa kweli wa bustani ya mjini ni mtu ambaye riziki yake huharibika bustani ikiharibika. Mtazame muuza kahawa wa Kariakoo mwenye birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Yeye huwahi kufika, huondoka usiku, huwafahamu wateja wake kwa majina, hujua ni kijana yupi mwizi na yupi amepotelewa na kazi tu. Anataka benchi liwe zima, kwa sababu aliyesimama hanywi kikombe cha pili. Anataka taa iwake, kwa sababu gizani hapana mteja. Hali kadhalika mpiga kiatu rangi, muuza magazeti, na wazee wa bao ambao ubao wao umekaa chini ya mti mmoja miaka yote. Hawa kwa sasa huitwa wavamizi. Mlinzi aliyeajiriwa kuwafukuza hulipwa mshahara ule ule bustani ikistawi au ikinyauka.

Tunajua pingamizi litakalotolewa: ukimruhusu mmoja watakuja mia, na bustani itakuwa gulio. Pingamizi hili lina uzito. Mwaka 2021 wachuuzi wengi waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam wakapelekwa maeneo yaliyotengwa, na mtu aliyeng'olewa mara moja hushikilia upenyo wowote anaouona. Kwa hiyo idadi lazima iwekwe, ijulikane, na iandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bustani liwe na majina ya wenye nafasi, zamu zao za kumwagilia, ada ndogo wanayotoa, na matumizi ya kila senti ya ada hiyo, nalo libandikwe penye ubao mahali pa wazi ili hata mwanafunzi aweze kujumlisha na kugundua panapokosewa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ingeweza kutunga sheria ndogo ya bustani, ikaitambua kamati ya watumiaji, ikaigawia sehemu ya madaraka na si kazi tu. Tunalisisitiza neno hili madaraka. Kamati nyingi za wananchi hupewa mafagio na kunyimwa kauli. Huitwa kushiriki katika kupanda mti, lakini hazikuitwa ulipoamuliwa mti upi upandwe, wala hazitaitwa litakapoletwa ombi la kuukata.

Hata kamati hiyo tunayoipendekeza ina hatari ya kuwa ya wanaume watupu. Baraza letu la jadi lina sifa nyingi, lakini mara nyingi mwanamke aliliona kwa dirishani. Mama anayetoka hospitali ya Mnazi Mmoja na mtoto mgonjwa mgongoni ana haja ya kivuli, maji na choo kuliko mtu mwingine yeyote pale, na choo ndicho kitu cha mwisho kutajwa katika michoro ya bustani, kama kwamba kutajwa kwake kunaivunjia heshima michoro hiyo. Bustani isiyo na choo safi imekwisha kuamua nani akae na nani apite haraka. Mchoraji anaweza kupanga chemchemi ya maji yenye taa za rangi. Sisi tungemshauri aanze na bomba.

Jambo la mwisho linawahusu walimu moja kwa moja. Tangu Elimu ya Kujitegemea itangazwe mwaka 1967, shule zetu zimezoea bustani za mchicha na mihogo, na wakati mwingine, tuseme kweli, mwanafunzi amefanywa kibarua wa jembe bila kufundishwa lolote. Hatutaki wanafunzi wa Kariakoo na Upanga wapelekwe Mnazi Mmoja kuwa vibarua wapya. Wapelekwe kusoma. Waulize mkungu ulitoka wapi, mwarobaini uliletwa kwa sababu gani, mjohoro hupandwaje, kwa nini ukoka hufa penye kivuli kizito. Leo kijana wa kidato cha nne anaweza kutaja aina kumi za simu lakini akiulizwa mti ulio mbele yake hujibu kwamba ni mti. Majina ya miti ya Kiswahili yanapotea midomoni mwetu, na kamusi peke yake haiwezi kuyaokoa, kwa kuwa jina huishi pale panapoonekana kitu chenyewe.

Basi kazi ya kuanzia ni ndogo na haihitaji idhini ya bajeti. Darasa moja la kidato cha pili, likiwa na mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa Kiswahili, liihesabu miti yote ya uwanja, liandike jina la kila mmoja kama wanavyouita wazee wa bao na wauza kahawa, majina yakitofautiana yaandikwe yote mawili, lipime unene wa vigogo, litie alama palipo visiki. Orodha hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa ikiwa na tarehe na saini za wanafunzi, nakala moja ibaki shuleni na nyingine kwa mtendaji wa kata. Siku atakapokuja mtu na mchoro wa maegesho, swali la kwanza atakaloulizwa litakuwa mti namba fulani, wenye jina fulani, uliopimwa na watoto mwaka fulani, anakusudia kuufanya nini.